Usukani saidizi
Neno usukani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la chomboni kabla ya kuhamia kwenye gari. Dereva wa M35, lori la jeshi la Marekani la tani 2.5 lililoanza kazi mwaka 1950, aliushika bila msaada wowote. Tairi zikizama topeni, mabega yalikoma.

Baadhi ya wanaomiliki malori hayo leo hufunga silinda ya upepo kwenye fimbo ya usukani, ikilishwa na kompresa ileile ya breki. Gereji zetu husema pawa stelingi. Mimi napenda usukani saidizi, kwa sababu ndivyo kifaa kinavyofanya: kinasaidia tu. Upepo ukiisha, magurudumu bado hugeuka, kwa nguvu za dereva peke yake.