Mshika Mawili

Wahenga wetu walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hii ina ukweli katika mambo mengi, lakini katika suala la gitaa la umeme nimekuwa na mashaka nayo kwa muda mrefu. Mtu anayetaka kupiga bluzi na roki, naye ana fedha za kununua gitaa moja tu, huambiwa achague kambi: ama Fender ama Gibson, ama sauti nyembamba inayong'aa ama sauti nene inayonguruma. Mimi nasema kwamba kabla hajafungua pochi ni vyema aifungue historia. Magitaa hayo mawili yalizaliwa kwa fikra tofauti, na waliotangulia kuyapatanisha walikuwa wapigaji wenyewe.

Umeme uliingia katika gitaa kwa sababu moja tu: gitaa lilikuwa halisikiki. Katika bendi kubwa za Marekani, tarumbeta na ngoma zilimmeza mpiga gitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, George Beauchamp wa California alitengeneza kinasa cha sumaku na waya uliosokotwa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huzalisha umeme kidogo katika waya ule, na amplifaya huukuza. Mwaka 1939 Charlie Christian alijiunga na Benny Goodman, akaonyesha kwamba gitaa laweza kusimama mbele na kusema kama saksafoni. Muddy Waters naye alitoka Mississippi mwaka 1943 akaenda Chicago, na humo katika baa zenye makelele akaona kwamba gitaa lake la kijijini halifui dafu. Bluzi ya mjini ikawa ya umeme kwa kulazimika.

Lakini dawa ilileta ugonjwa. Gitaa lenye tumbo tupu hutikiswa na mlio wa amplifaya, mtikisiko ule hurudi tena katika kinasa, na mara chombo kizima kinapiga yowe. Ufumbuzi ukawa kutumia ubao mzito usio na tumbo. Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alilitazama jambo hili kifundi. Gitaa lake, ambalo tangu 1951 limeitwa Telecaster, lilikuwa na shingo iliyofungwa kwa skrubu, ili ikiharibika ifunguliwe na kuwekwa nyingine. Mwaka 1954 akatoa Stratocaster yenye vinasa vitatu. Kila kinasa kilikuwa na koili moja: sauti safi, kali, inayotofautisha kila uzi, lakini koili moja hunasa pia mvumo wa taa na transfoma zilizo jirani.

Kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo, Michigan, ilikuwa nyumba ya maseremala. Mwaka 1952 ilitoa gitaa lenye jina la mwanamuziki Les Paul, shingo yake ikiwa imegundishwa. Baadaye mhandisi wao Seth Lover alibuni kinasa cha koili mbili zilizopangwa kinyume, hata mvumo wa moja ukafuta mvumo wa nyingine. Kinasa hicho kilianza kufungwa katika magitaa hayo mwaka 1957. Pamoja na kuondoa mvumo, kilitoa sauti nene iliyoweza kuisukuma amplifaya mpaka ikwaruze. Ajabu ni kwamba gitaa hilo halikununuliwa sana, na mwaka 1961 kiwanda kikalibadilisha umbo. Ndipo vijana wa Uingereza walipolifufua. Mwaka 1966 Eric Clapton alirekodi nalo bluzi pamoja na John Mayall, na watu wakaanza kuyatafuta yale ya zamani. Mwaka 1968 Gibson ikarudia kulitengeneza.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuzoea kuuliza swali hili la gitaa moja. Katika muziki wetu wa dansi kazi ziligawanywa: huyu solo, yule ridhimu, mwingine besi. Tena mara nyingi vyombo havikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz Band, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi na vyombo vyake vilikuwa vya chama. Mpigaji alilikuta gitaa, hakulichagua. Bluzi na roki za watu watatu, kama kundi la Jimi Hendrix, ni jambo jingine. Humo gitaa moja ndilo solo na ndilo ridhimu.

Mpwa wangu yumo katika kundi la namna hiyo. Alinijia na akiba yake ya miaka miwili akaniambia, "Mjomba, hakuna gitaa la pili. Nikinunua hili, ndilo nitakalozeeka nalo." Sikuyachukulia maneno hayo kama mzaha. Kwa mtu wa kipato chake, gitaa baya ni miaka miwili iliyopotea, na pengine ni mwisho wa kupiga.

Nilimweleza mambo mawili. La kwanza ni swichi. Stratocaster ilipotoka kiwandani swichi yake ilikuwa na vituo vitatu, kinasa kimoja kwa kila kituo. Wapigaji wakagundua kwamba ukiikwamisha katikati ya vituo, vinasa viwili huimba pamoja, na sauti yake ni laini yenye uwazi, tamu mno kwa bluzi. Kampuni ilichukua zaidi ya miaka 20 kukubali: swichi ya vituo vitano ilikuja mwaka 1977. La pili ni gitaa la Eddie Van Halen. Kijana huyu alitaka umbo na mtikisiko wa Stratocaster pamoja na unene wa Gibson. Basi akaunganisha vipande mwenyewe na kufunga kinasa cha koili mbili karibu na daraja la nyuzi. Albamu ya kwanza ya kundi lake, ya mwaka 1978, ilitangaza mlio wa gitaa hilo duniani, na viwanda vingi vikafuata.

Liko pia gitaa la Gibson liitwalo ES-335, la mwaka 1958, lenye gogo katikati na uwazi pembeni. Kwa bluzi ni chombo cha heshima. Lakini mpwa wangu hupiga kwa sauti ya juu katika vyumba vidogo, na uwazi ule ungeweza kumrudishia lile yowe la zamani.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa gitaa la ubao mzito, swichi ya vituo vitano, koili mbili darajani kwa ajili ya roki, na koili moja moja katikati na shingoni kwa ajili ya bluzi. Jina la kampuni nilimwambia aliache mwisho. Kwanza atazame kama shingo imenyooka, kama nyuzi zinakaa katika sauti baada ya kuvutwa, na kama swichi haikwaruzi. Alizunguka wiki tatu, akapata lililotumika, lenye jina lisilo na umaarufu, akabakiwa na fedha za amplifaya.

Mshika mawili moja humponyoka, ndiyo. Lakini Clapton aliyeifufua Les Paul ndiye huyo huyo aliyenunua Stratocaster kadhaa Nashville mwaka 1970, akatoa vipande bora vya tatu kati yake, akaunda moja. Hata yeye aliyekuwa na uwezo wa kuwa na yote alitaka moja linaloitikia mkono wake. Mpwa wangu naye sasa analo lake, na Jumamosi ana onyesho.