Bunduki ya Mifuo ya Kushindilia

Bunduki ya mifuo ya kushindilia ni bunduki itiwayo baruti na risasi kwa mdomo wa kasiba, na ambayo ndani ya kasiba yake imechongwa mifuo yenye kusokota, ili risasi itokapo iwe inazunguka na kwa mzunguko huo ishike njia yake pasipo kuyumba. Kwa jinsi ya kujazwa ni ndugu wa gobori, lililoenea pwani na bara ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Lakini kasiba ya gobori aghalabu ni laini ndani, na risasi yake huenda ikigonga huku na huku mpaka itoke, ilhali kasiba ya mifuo huikamata risasi na kuitawala tangu inapoondoka juu ya baruti hata inapouacha mdomo. Sanaa ya kuipiga na sanaa ya kuitunza hazitengani, kwa kuwa zote mbili zatokana na jambo moja, nalo ni masizi ya baruti nyeusi: mwenye kuyafahamu masizi na tabia zake ameifahamu bunduki, na asiyeyafahamu, hata akiwa na jicho kali na mkono mtulivu, leo atakosa shabaha na kesho atakuta kasiba imeliwa na kutu.

Asili yake ni Ulaya ya kati, ambako mafundi wa Kijerumani walitengeneza bunduki fupi nzito kwa ajili ya wawindaji wa misituni. Bali umbo lililopata sifa kuliko yote lilizaliwa Amerika ya Kaskazini katika karne ya 18, mafundi waliohama kutoka nchi za Kijerumani na Uswisi walipofanya makao katika Pennsylvania, hasa pande za Lancaster. Huko, kidogo kidogo, waliirefusha kasiba hata ikapita mita moja, wakaupunguza upana wa tundu lake, mara nyingi ukawa kati ya milimita 10 na 13, kwani mwindaji aendaye siku nyingi mbali na duka hana budi kuibania risasi na baruti yake, na tundu dogo hutoa risasi nyingi zaidi katika ratili moja ya madini. Ubao wake waliuchonga kwa mti wa mepo wenye mawimbi, na katika tako wakachimba kisanduku chenye kifuniko cha shaba nyeupe au ya manjano, mahali pa kuwekea vitambaa na shahamu. Nayo ni kazi ya kupendeza mno, maana mafundi wale hawakuona kuwa pambo na manufaa ni mahasimu.

Bunge la makoloni ya Amerika lilipoanza kuunda jeshi dhidi ya Uingereza, tarehe 14 Juni 1775, askari walioamriwa kuandikwa walikuwa vikosi 10 vya wapigaji mahiri wa bunduki za mifuo, 6 kutoka Pennsylvania, 2 Maryland na 2 Virginia. Hata hivyo bunduki hii haikuwa mfalme wa vita. Askari mwenye bunduki laini aliweza kupiga mara 3 kwa dakika na kisha kuchomeka singe, hali mwenye bunduki ya mifuo alitumia karibu dakika nzima kushindilia mara moja, wala hakuwa na singe ya kujikingia. Faida yake ilikuwa umbali: bunduki laini haikuwa na itibari kupita mita 80 hivi, na hii katika mikono ya mjuzi iliweza kumfikia mtu mita 200.

Kizuizi hicho cha kasi kiliondoka Mfaransa Claude-Étienne Minié alipotokeza, mwaka 1849, risasi ndefu yenye uwazi kitakoni, ambayo kwa wembamba wake ilishuka kasibani bila taabu, na baruti ilipowaka nguvu yake ikakitanua kitako hicho hata kikajaa katika mifuo. Waingereza waliifuata njia hiyo katika bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, na shahamu iliyopakwa kwenye karatasi za risasi zake, ambayo askari wa Kihindu na wa Kiislamu waliamini kuwa ni ya ng'ombe na nguruwe, ikawa miongoni mwa sababu za maasi ya Bara Hindi ya mwaka 1857. Upande wetu bunduki za namna hii hazikuenea sana, na moja ya sababu iliandikwa katika sheria: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa bunduki za mifuo na zile za kujazwa nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaacha mlango kwa bunduki laini za gumegume, yaani za kuwashwa kwa cheche za jiwe, na baruti ya kawaida chini ya masharti. Basi gobori lilibaki mikononi mwa wenyeji kwa amri ya mataifa yaliyokuwa na silaha bora kuliko hilo, na haifai hata kidogo kulihesabu kuwa dalili ya uzito wa akili za waliolitumia.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa ya miti sehemu 15, na kiberiti upele, yaani salfa, sehemu 10. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa bali hubaki kitu kigumu, ambacho sehemu yake huruka katika ule moshi mweupe mzito, na sehemu hugandama kasibani. Katika mabaki hayo mna chumvi za jamii ya zile zipatikanazo katika majivu ya kuni, ambazo huvuta maji kutoka hewani, na nyingine zenye salfa, adui wa chuma. Mahali pakavu huwa magumu na kukwaruza. Mahali pa unyevu hugeuka utelezi mweusi, na katika hewa ya pwani kutu yaweza kuonekana kabla ya kucha. Punje za baruti zina vipimo mbalimbali, kubwa zikiungua polepole na ndogo kwa haraka, na kila kasiba ina punje ziifaazo. Baruti isiyo na moshi, itumikayo katika bunduki za kisasa, haina ruhusa humu kwa kiasi chochote, kwa sababu nguvu yake hupasua kasiba na kumtoa mtu mkono au jicho.

Moto huingizwa kwa mojawapo ya njia mbili. Katika mtambo wa gumegume jiwe hugonga bamba la chuma, cheche zikaanguka katika kisahani chenye unga mwembamba wa baruti, na mwako ukapita kwenye kitundu mpaka ndani. Mawe bora yalichongwa katika mji wa Brandon, Uingereza, ambao wachongaji wake waliendelea kuyapeleka Afrika hata katika karne ya 20, nchi yao wenyewe ilipokuwa imekwisha kuyasahau. Njia ya pili ni ya fataki, na mlango wake ulifunguliwa na kasisi wa Belhelvie katika Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1807 kwa kutumia unga unaolipuka ukigongwa. Baadaye unga huo ukatiwa katika kikofia kidogo cha shaba kivikwacho juu ya chuchu ya chuma. Fataki hustahimili mvua kuliko gumegume, bali mwenye gumegume hahitaji duka maadamu anaweza kupata jiwe.

Kushindilia sharti kuanze na kasiba tupu na kavu. Mpigaji huyapangusa mafuta ya akiba, kisha hulipua fataki moja pasipo baruti huku mdomo ukielekezwa karibu na jani lililo chini: jani likitikisika, njia ya moto i wazi. Baruti hupimwa katika kipimo kidogo cha shaba au cha pembe na kumiminwa kutoka humo, wala pembe ya baruti haiinuliwi kamwe juu ya kasiba, kwani kaa moja lililosazwa na mpigo uliotangulia latosha kuilipua pembe nzima mkononi. Kwa tundu la milimita 12.7 gramu 4 za baruti zatosha kuanzia. Juu ya mdomo hutandazwa kitambaa cha pamba au kitani kilichofumwa barabara, kimelowekwa kwa shahamu au kwa mate, na katikati yake huwekwa risasi ya mviringo yenye upana wa milimita 12.4 na uzito wa gramu 11 na kitu. Risasi hiyo haiigusi mifuo. Kitambaa ndicho kiishikacho mifuo na kuizungusha risasi, na kwa kuwa kina unyevu hulainisha masizi njiani kinaposhuka.

Risasi huanzishwa kwa kijiti kifupi chenye kirungu, kisha huteremshwa kwa mdeki, mkono ukiushika shubiri moja tu juu ya mdomo na kusukuma kwa hatua fupi, maana mdeki wa mti ushikwao juu hupinda na kuvunjika, na kipande chake kilichochongoka huingia kiganjani. Risasi haipondwipondwi, hushuka kwa mkandamizo mmoja hata ikae juu ya baruti pasipo nafasi. Hapa ndipo penye hatari kubwa kupita zote, kwa sababu risasi iliyokwama katikati, ikiacha uwazi baina yake na baruti, yaweza kuivimbisha kasiba au kuipasua. Kwa hiyo mdeki hutiwa alama mbili, moja ya kasiba tupu na moja ya kasiba iliyoshindiliwa, na asiyeiona alama ya pili ikilingana na mdomo hana haki ya kutia fataki. Fataki, au unga wa kisahani, ni wa mwisho siku zote, bunduki ikiwa imekwisha kuelekezwa kwenye shabaha.

Katika kupiga, mwenye gumegume hana budi kuwa na subira baada ya kuvuta kifyatulio, kwani kati ya cheche na mshindo mna kitambo, na atikisikaye katika kitambo hicho hupoteza alicholenga. Kila baada ya mpigo, au michache kama hewa ni ya unyevu, mpigaji hupitisha kasibani kitambaa chenye maji kidogo, upande mmoja kisha wa pili, ili mpigo wa kumi uikute kasiba katika hali ileile ya mpigo wa kwanza. Wengi hulaumu macho yao ambapo kosa ni la masizi yaliyozidi. Vitambaa vilivyoruka mbele hatua chache huokotwa na kukaguliwa. Kitambaa kizima, chenye duara jeusi katikati na kingo zilizochanika nyuzi, ni ushahidi wa mpango mwema; kilichoungua chaonyesha shahamu haba au wembamba; kilichokatwa chaonyesha makali mdomoni au kwenye kingo za mifuo, ambayo fundi huyalainisha. Fataki ikilia na bunduki isilie, mdomo hubaki kwenye shabaha kwa muda wa dakika nzima walau, maana moto huenda unatambaa ndani. Na aliyesahau baruti akatanguliza risasi huitoa kwa skurubu iliyofungwa mwishoni mwa mdeki.

Usafi hufanywa siku ileile, kabla mtu hajala wala hajalala. Dawa ya masizi ni maji, kwa kuwa chumvi zake huyeyuka majini na haziyeyuki katika mafuta ya taa wala ya mashine. Kama kasiba hutoka kwenye ubao, huondolewa na sehemu ya nyuma hutumbukizwa katika ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha mdeki wenye kitambaa cha kubana huvutwa juu na kushushwa, maji yakiingia kwa chuchu na kutoka meusi, yenye harufu ya mayai viza. Maji hubadilishwa mpaka yatoke meupe. Yanayochemka hayahitajiki, maana chuma kikipata moto sana huota wekundu wa kutu kikingali kinakaushwa. Vitambaa vikavu hufuata, kimoja baada ya kingine, na mwisho kimoja chenye nta iliyochanganywa na shahamu isiyo na chumvi. Mafuta ya madini, yakikutana na masizi ya mpigo ujao, hugeuka utando mzito kama lami usiotoka ila kwa kukwanguliwa. Mtambo nao hufunguliwa, husuguliwa kwa brashi na maji, hukaushwa, na kutiwa tone moja la mafuta kila palipo na mhimili. Ubao hupakwa mafuta ya kitani. Jiwe la gumegume huamshwa makali kwa kugongwa taratibu ukingoni. Kesho yake kitambaa cheupe hupitishwa tena, na kikitoka na mchirizi wa hudhurungi, kazi ya jana haikukamilika na hurudiwa yote.

Bunduki huwekwa tupu, mdomo chini kwa siku za mwanzo ili mafuta yasijikusanye nyuma na kuziba kitundu, na baruti huwekwa mbali nayo, katika chombo chake, pasipo moto wala watoto. Ikiwa ni ya urithi au imepatikana katika nyumba ya wazee, mtu asidhani kuwa ni tupu, kwani nyingi ziliachwa zimeshindiliwa na wenyewe wakafariki, na baruti nyeusi ikikaa kavu haipotezi nguvu kwa miaka. Mdeki hutiwa polepole mpaka usimame, hutiwa alama kwenye mdomo, kisha hulazwa nje sambamba na kasiba: ukifika karibu na kitundu cha moto, bunduki ni tupu, ukiishia mbali nacho, imo risasi. Hapo haitiwi motoni wala haipigwi kwa nyundo. Fataki huondolewa, maji humiminwa kwa mdomo na kwa kitundu yakaachwa yailoweshe baruti hata isiweze kushika moto, na ndipo fundi huivuta risasi kwa skurubu, akisimama kando ya mdomo.