Vua Mkanda, Funga Mkanda: Usalama Upi?

Kwenye ukaguzi wa abiria, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, unaambiwa uvue mkanda wa suruali uuweke kwenye trei, pamoja na simu na pochi, maana bizimu yake italiza mashine inayotafuta silaha. Ni kwa usalama wako. Baadaye, ndani ya ndege, mhudumu anakuhimiza ufunge mkanda. Ni kwa usalama wako pia. Mkanda wa kwanza unavuliwa kwa kuwa huenda kuna mtu mwenye nia mbaya. Wa pili unafungwa kwa kuwa hewa huko juu huchafuka, nayo haina nia yoyote.

Kiingereza huyatenga mambo haya: kinga dhidi ya ajali ni “safety”, kinga dhidi ya uhalifu ni “security”. Kifaransa cha usafiri wa anga, wanachokutana nacho Waswahili wa Goma na Lubumbashi, huita la kwanza “sécurité” na la pili “sûreté”. Mfasiri asiyejua hilo huyageuza juu chini. Sisi yote mawili tumeyafunika kanga moja: usalama.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) halichanganyi. Mkataba wa Chicago wa 1944 una viambatisho 19. Cha 17, kilichopitishwa 1974 katika miaka ya utekaji wa ndege, kinahusu kuukinga usafiri wa anga na vitendo vya kuuingilia kinyume cha sheria: kuteka ndege, kupenyeza silaha au bomu, hata kutoa taarifa ya uongo inayohatarisha ndege. Cha 19 kinahusu usimamizi wa hatari za ajali. Hata ukaguzi ambao ICAO huzifanyia nchi wanachama hufanywa kwa programu mbili tofauti.

Tofauti yenyewe ni nia. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa, ikaishia Stansted, Uingereza. Pale tatizo lilikuwa watu. Lakini mwewe akivutwa na injini wakati wa kuruka, ndege amegongana na ndege, na polisi hawana wa kumtia pingu. Kazi hapo ni ya anayefyeka nyasi na kufukuza ndege kandokando ya njia ya kurukia.

Basi hiyo “security” tuiite nini kwa Kiswahili? Wapo wanaosema “sekyuriti”, na abiria huelewa. Mimi nachagua ulinzi. Neno hili limetokana na kulinda, na anayelinda hulinda dhidi ya fulani. Ndiyo maana tuna mlinzi wa getini na kampuni ya ulinzi. Usalama ni hali ya kuwa salama, awe adui yupo au hayupo. Pingamizi nalijua: serikalini ulinzi ni jeshi, na “watu wa usalama” ni wale wasiovaa sare. Kamati za Ulinzi na Usalama za mikoa na wilaya zimeyazoea maneno hayo kwa maana hiyo. Lakini istilahi hufungwa na fani yake. Tukisema “ulinzi wa usafiri wa anga”, hakuna atakayedhani tunazungumzia vifaru.

Anayeona huu ni ubishi wa wanaisimu autazame mlango wa chumba cha marubani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, milango hiyo iliimarishwa isivunjike, ikawekewa kufuli la ndani ili mtekaji asiingie. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings aliyokuwa akiirusha kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf alimfungia nje nahodha wake aliyetoka kidogo, akaiteremsha ndege kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Watu 150 walikufa. Nahodha aligonga, akajaribu kuuvunja mlango. Mlango ukakataa, kama ulivyotengenezwa kukataa.

Jaribu kulieleza tukio hilo kwa neno moja: “mlango wa usalama uliondoa usalama.” Msomaji atakuna kichwa. Mwambie ulinzi ulikazwa mpaka ukaukaba usalama, naye ataona mara moja kosa lilikuwa wapi.