Walioandikwa kwa Jina Moja

Wale mliolelewa Tanzania miaka ya sabini na themanini mtayakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Yalipoanza, nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji alitaja jina la marehemu, mahali alipofia na siku ya mazishi, kisha ukafuata ule mlolongo: habari ziwafikie fulani wa Tukuyu, fulani wa Chunya, fulani aliyeko Mufulira, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Hatukujua wakati ule kwamba tulikuwa tunasomewa nasaba za watu. Ikishasomwa, ilipotea hewani.

Sisi tunaokaa Malvern, huku mashariki ya Johannesburg, tumejikuta tunayatafuta majina ya namna hiyo. Sababu ni mzee wetu mmoja, mtu wa Rungwe, ambaye baba yake aliondoka na Wenela kwenye miaka ya hamsini na hakurudi. Vijana labda hawalijui jina hilo. Wenela lilikuwa shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya hapa, na watu wengi wa kusini ya Tanganyika na wa Nyasaland walipita mikononi mwake, hadi serikali ya Tanganyika huru ilipositisha uandikishaji huo. Mzee anataka jambo moja tu: kujua baba yake amelala wapi.

Tulianza na karatasi. Katika nchi hii, mtu akifa na kuacha mali, hujazwa hati ya taarifa ya kifo na kupelekwa kwa msimamizi wa mirathi wa Mahakama Kuu. Humo huandikwa alikozaliwa marehemu, wazazi wake, mke na watoto. Kwa mtafuta ukoo hakuna karatasi tamu kuliko hiyo. Lakini kwa sheria ya mwaka 1927 iliyowahusu Waafrika, mirathi ya mtu mweusi aliyekufa bila wosia haikuwa kazi ya ofisi hiyo. Ilipitia kwa makamishna wa mambo ya wenyeji, na baadaye kwa mahakimu wa wilaya. Mahakama ya Katiba ilikiondoa kipengele hicho mwezi Desemba mwaka 2000. Kibarua wa Rungwe angeandika wosia gani, na kwa mali ipi? Njia hiyo ikatufungia mlango mapema.

Aliyetutia moyo ni marehemu mwingine, ambaye kila aliyesoma shule Tanzania amesimama wima kwa ajili ya muziki wake. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya, ndiye aliyetunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, na sauti hiyo ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika. Alifariki Johannesburg mwaka 1905. Kwa miaka karibu tisini hakuna aliyejua kaburi lake, wakati lilikuwa katika makaburi ya Braamfontein, mahali ambapo kutoka kwetu Malvern unapanda teksi mbili tu, ya kwanza ikikupitisha Jules Street moja kwa moja mpaka mjini. Jiwe halikuwapo. Waliomtafuta walipitia daftari la maziko kwenye herufi ya Sontonga wasimwone. Msaada ulitoka gazetini: Imvo Zabantsundu, gazeti la Kixhosa lililoanzishwa na John Tengo Jabavu mwaka 1884, lilikuwa limetaja siku aliyofariki, tarehe 18 Aprili. Waliporudi kwenye daftari na tarehe mkononi, wakamkuta kwenye fungu la Wakristo Waafrika, ameandikwa Enoch. Basi. Enoch peke yake, kama mtumishi wa nyumbani anavyoitwa na bibi mwenye nyumba. Septemba 1996 Rais Mandela alizindua mnara hapo.

Tulikwenda kuuona, na mzee akiwa nasi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na mimi baba yangu walimwandika nani?"

Swali hilo lilikuwa na maana kuliko tulivyodhani. Migodini watu walipachikwa majina ya mkato, yale mepesi kwenye ulimi wa msimamizi. (Tusijifanye kwamba mambo hayo yamekwisha. Septemba 2019, maduka na magari yalipochomwa Jules Street, magazeti yalituita "raia wa kigeni". Mjukuu atakayetafuta habari zetu humo atajitafutia hasara.)

Jibu lilitoka Rungwe, ndani ya bati la biskuti. Mama yake mzee alifariki mwaka 1978, na shangazi alikuwa ameitunza nakala ya tangazo lililopelekwa redioni, kwa penseli, maneno mengine yamekatwa kupunguza gharama. Mwishoni, baada ya watoto na wakwe, limeandikwa jina la mume, "aliyeko Joni, popote alipo". Hapo pana majina mawili: la ukoo, na la pili ambalo mzee hakuwahi kulisikia. La mgodini. Yaelekea mtu fulani aliyerudi alilileta kijijini, na wanawake wakalihifadhi.

Kwa jina hilo tumepata mstari mmoja katika daftari moja la maziko. Umri unakaribiana. Kwao hakukuandikwa, wala mgodi wake. Wengine kati yetu wanasema ni yeye, wengine wanasema jina la namna hiyo walipewa mamia. Tumebishana jioni nzima.

Mzee hakubishana. Amekataa tusichonge jiwe, kwa sababu hana hakika. Lakini Jumamosi iliyofuata alikwenda na jembe akapalilia. Tulipomuuliza alisema, "Kama si yeye, basi ni mtoto wa mtu."