Maharagi: namna ya kujua kilo za mbegu mbele ya kwenda sokoni

Kila mara sezoni A inapokaribia, mwezi wa 9, mkulima wa Kivu anajiuliza: ninunue mbegu kilo ngapi? Akinunua kidogo, kipande cha shamba kinabaki bure. Akinunua mingi, feza ya minervali ya watoto inalala ndani ya mfuko wa mbegu.

Shida inaanzia kwa vipimo. «Kare» ya kijiji kimoja inaweza kutofautiana na ya kijiji kingine, na murongo vilevile, soko kwa soko. Metre na kilo njo hazibadiliki.

1. Pima shamba. Kamba ya metre 10 inatosha. Shamba la metre 30 kwa 20 ni metre kare 600, ni kusema ari 6. Hekta 1 ni ari 100. Kama shamba limepinda, likate vipande vya kona nne, pima kila kimoja, kisha jumlisha.

2. Hesabu matundu. Kwa maharagi mafupi, yale yasiyopanda miti, weka sentimetre 40 kati ya mistari na 20 kati ya matundu. Geuza kwanza kuwa metre: 0,4 × 0,2 = 0,08. Hapa njo wengi wanakosea. 600 ÷ 0,08 = matundu 7.500. Kwa mbegu 2 kila tundu, ni mbegu 15.000.

3. Pima uzito. Hesabu mbegu 100, uzipeleke kwa mizani ya dukani. Zikiwa na gramu 40, basi 150 × 40 = gramu 6.000, ni kilo 6.

4. Jaribu kama zinaota. Funga mbegu 100 ndani ya kitambaa chenye maji kidogo, ngoja wiki moja. Zikiota 80, gawanya: 6 ÷ 0,8 = kilo 7,5. Kama murongo wa soko lako unabeba kilo 1,5, utanunua mirongo 5. Zikiota chini ya nusu, afazali kutafuta mbegu ingine.

Angalisho moja: shamba la metre 60 kwa 40 haliombi mbegu mara mbili ya lile la 30 kwa 20. Linaomba mara nne, sababu urefu na upana vyote vimeongezeka mara mbili.

Andika hesabu yako ndani ya kaye. Sezoni B, mwezi wa 2 ao wa 3, utabadilisha tu uzito na idadi ya mbegu zilizoota.