Wazee Hawapendi Simu? Historia Iliyo Nyuma ya Jedwali la Umri

Mwaka jana nilipata kibarua cha siku chache cha kupita nyumba kwa nyumba hapa Dzaleka na karatasi za maswali. Walionipa kazi walitaka kujua watu wa kila umri wanapenda kupata habari kwa njia gani: redio, simu, mbao za matangazo au mikutano. Jedwali lilipotoka lilikuwa na safu nne za umri. Katika safu ya mwisho, "miaka 50 na zaidi", redio ilikuwa juu na simu chini kabisa. Chini yake paliandikwa sentensi moja: wazee hawapendi teknolojia mpya.

Sentensi hiyo ilifanya kazi haraka. Mabadiliko ya siku ya mgao yakaanza kutangazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na wazee wakaachiwa mkutano wa Jumatatu. Wiki moja siku ikasogezwa baada ya mkutano kwisha. Mama mmoja jirani yetu, mwenye magoti mabovu, alitembea hadi uwanjani akakuta hapana mtu. Simu alikuwa nayo mfukoni.

Mimi nasoma historia, si takwimu. Lakini tumefundishwa kuuliza maswali mbele ya kila hati: nani aliandika, aliwauliza nani, lini, na maneno yalikuwa na maana gani wakati ule. Jedwali nalo ni hati.

Swali la kwanza ni umri wenyewe. Mtu wa miaka 55 anapochagua redio, je, ni kwa sababu ya miaka 55, au kwa sababu ya miaka aliyokulia? Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kizazi si tarehe za kuzaliwa tu, bali ni watu waliopitia mambo yaleyale walipokuwa vijana. Uchunguzi uliofanywa mara moja tu hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili, maana siku ile kila mwenye miaka 55 ni mtu wa kizazi kimoja. Ili kuyatenganisha unahitaji kuuliza tena baada ya miaka kumi, au unahitaji historia. Wafadhili hawangoji miaka kumi, kwa hiyo tutumie historia.

Chukua Mmalawi aliyezaliwa mwaka 1970 hapa Dowa. Amekua chini ya Kamuzu Banda, katika nchi isiyokuwa na televisheni hadi mwaka 1999. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, TNM, ilianzishwa mwaka 1995, naye ana miaka 25. Redio haikuwa chaguo lake kati ya vitu vinne, kwani kitu kingine hakikuwepo.

Sasa chukua Mkongomani wa Kivu wa umri uleule, anayeishi mtaa wa pili kutoka kwetu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa hewani kabla hajazaliwa. Vita vya 1996 na 1998 vilimkuta mtu mzima, na kujua kijiji gani kimeshambuliwa kulitegemea betri. Radio Okapi ilipoanza mwaka 2002, wengi walikuwa tayari njiani. Kwa Mnyarwanda au Mrundi wa rika hilo, redio ina nyuso mbili. Mwaka 1994 BBC ilianzisha Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kinachounganisha familia, na waliopotezana walitafutana kwa sauti yake. Mwaka huohuo RTLM ilikuwa ikitumia mawimbi kuchochea mauaji ya kimbari. Nilimhoji mzee mmoja aliyesema hataki redio nyumbani, nami nikaweka alama kwenye kisanduku cha "nyingine". Karatasi haikuwa na nafasi ya sababu, na sikuthubutu kumwuliza.

Watu hao wote wanakaa katika safu moja.

Kuna tatizo jingine ambalo hata serikali zenye wataalamu hukutana nalo. Sensa ya Malawi ya mwaka 2008 ilikuta redio katika takriban theluthi mbili za kaya. Ile ya mwaka 2018 ilikuta redio katika takriban theluthi moja. Ukisoma harakaharaka utasema Wamalawi wameacha redio. Lakini sensa ilihesabu chombo, haikuhesabu kusikiliza. Katika miaka hiyo kumi simu ndogo za tochi zilienea, na nyingi zina redio ndani yake. Anayesikiliza habari kwa simu ya tochi yuko safu gani, ya redio au ya simu? Kwenye hojaji yetu alijibu "redio", nasi tukaandika kwamba hapendi simu. Nadhani hapa ndipo jedwali letu lilipoharibika zaidi.

Neno "yako" nalo lina mtego. Tuliuliza, "Je, una simu yako mwenyewe?" Katika nyumba nyingi hapa simu ni moja, laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na anayeibeba mchana ni kijana. Kijana hujibu ndiyo, mama yake hujibu hapana, ingawa vocha hununuliwa kwa pesa ya mama aliyouza mandazi.

Na umri? Wengi hutaja umri unaoishia na sifuri au tano, jambo ambalo watu wa sensa wanalijua sana. Ukikata safu kwenye 50, unawavuta wote wenye 48 na 49 wanaosema "weka hamsini". Wengine kwenye vyeti vyao wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu afisa alihitaji kuandika kitu.

Mwisho ni wakati wa kuuliza. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine. Walikuja watu wa miaka 40 na 50 waliokuwa wakiagiza mzigo na kulipa kwa Airtel Money au Mpamba kila siku. Baadhi yao tuliwakuta hawana duka, hawana bando, na simu imeuzwa. Waliposema hawatumii simu, umri haukuhusika.

Makosa mengine ni yangu. Nilipita mchana, vijana wengi wakiwa shule au sokoni, na jua lilipokuwa kali niliyafupisha maswali.

Nimerudi kwa majirani wachache na karatasi yangu mwenyewe, kwa ajili ya insha hii. Nimefuta "unapenda nini" na kuweka maswali mawili: habari ya mwisho iliyokusaidia uliipata kwa njia gani, na ulikuwa wapi uliposhika simu kwa mara ya kwanza. Yule mama wa magoti alijibu la pili kabla sijamaliza kusoma: "Uvira, mwanangu. Walinipigia kunambia kaka yangu yuko hai." Kisha akanionyesha kwenye simu yake jinsi ya kutafuta stesheni, akidhani sijui.