Kamera ya filamu ya umbo la kati na lenzi yake ya telefoto: kuchagua kwa bei nafuu

Kamera ya umbo la kati ni kamera inayotumia mkanda mpana kuliko ule wa milimita 35, lakini isiyofikia ukubwa wa zile kamera za studio zinazolishwa filamu karatasi moja moja. Mkanda wenyewe huitwa namba 120. Kodak iliutoa mwaka 1901 kwa ajili ya kamera ya sanduku iliyoitwa Brownie No. 2, na tangu hapo haujabadilika sana: una upana wa milimita 61 hivi, umeviringwa kwenye kijiti pamoja na karatasi inayoukinga na mwanga, na ukiisha hauvutwi kurudi nyuma bali unabaki kwenye kijiti cha pili, tayari kwenda kusafishwa. Kijiti kilichobaki kitupu huhamishiwa upande wa pili kupokea mkanda unaofuata. Asitupe kijiti hicho mtu anayejifunza. Kamera bila kijiti cha kupokelea haifanyi kazi.

Hadi kamera za kidijiti ziliposhika soko mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera hizi ndizo zilizolisha wapiga picha wa harusi, wa matangazo na wa majarida. Leo karibu zote zilizo ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida ni mtumba, nyingi zikiwa na umri wa miaka 30 hadi 50. Anayezitafuta kwa ajili ya picha za sura au za mbali huanguka mara nyingi kwenye mtego uleule: anaiona bodi (kamera isiyo na lenzi) ya bei ya kutupa, anainunua, kisha ndipo anapoanza kuulizia lenzi. Anagundua kwamba lenzi ndefu ya mfumo huo ni adimu, au inauzwa mara tatu ya bei ya bodi. Hesabu ianzie kwenye lenzi, bodi ije baadaye.

Ukubwa wa picha

Mkanda ni mmoja, lakini kila kamera huukata kwa namna yake. Umbo la 6×4.5, ambalo kwa kweli ni milimita 56 kwa 41.5, hutoa picha 15 au 16 kwa mkanda. Umbo la mraba la 6×6 hutoa 12, la 6×7 hutoa 10, na la 6×9 hutoa 8 tu. Negativu ya 6×4.5 ina eneo karibu mara 2.7 ya ile ya milimita 35. Ya 6×6 ni mara 3.6, na ya 6×7 ni mara 4.5. Faida huonekana picha inapokuzwa: chembe za filamu hazijitokezi upesi, na mpito kutoka kivuli hadi mwanga usoni huwa laini.

Kwa mwenye bajeti ndogo, umbo la 6×4.5 lina hoja nzito. Mkanda na usafishaji hulipiwa kwa roli, hivyo picha 15 badala ya 10 ni akiba inayojirudia kila wiki, wakati bei ya kamera hulipwa mara moja. Wanaoutetea mraba husema hakuna haja ya kuilaza kamera, na ni kweli. Lakini picha ya mraba ikichapwa kwenye karatasi ya mstatili hukatwa, na kinachobaki ni 6×4.5 ileile.

Kipo pia kitu kiitwacho mkanda wa 220, uliotoka mwaka 1965, wenye urefu maradufu. Kodak na Fujifilm ziliacha kuutengeneza. Makasha ya nyuma na vishikio vya mkanda vyenye alama ya 220 bado huuzwa kwa bei ya chini sana, na sababu ni hiyo. Anayeagiza ahakikishe ameandikiwa 120.

Telefoto inavuta nini hasa?

Lenzi ya kawaida, ile inayoona takriban kama jicho lionavyo, ni ya milimita 75 au 80 katika 6×4.5, milimita 80 katika 6×6, na kati ya 90 na 105 katika 6×7. Kinachozidi hapo kwa kiasi cha kutosha huitwa telefoto katika maduka, ingawa kwa mhandisi wa lenzi neno hilo lina maana finyu zaidi: lenzi iliyopangwa vioo vyake ili umbo lake liwe fupi kuliko urefu wake wa fokasi.

Mtu aliyezoea milimita 35 hudanganywa na tarakimu. Lenzi ya milimita 150 kwenye kamera ya 6×4.5 huona sawa na ya milimita 93 kwenye kamera ndogo. Kwenye 6×6 ni sawa na 82 tu. Lenzi ya 180 kwenye 6×7 ni sawa na 87. Kwa maneno mengine hizi ni lenzi za sura, za bwana harusi na bibi harusi, wala si za kumfuata swala. Hata ya milimita 300 kwenye 6×7 haizidi uwezo wa lenzi ya 145 kwenye kamera ndogo.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukubwa wa taswira inayoangukia filamu hutegemea urefu wa fokasi na umbali wa kitu, basi. Upana wa filamu hauongezi kitu. Chukua simba mwenye kimo cha mita moja begani, amesimama mita 50 kutoka kwenye gari. Lenzi ya milimita 300 itamchora kwa kimo cha milimita 6, iwe filamu ni nyembamba au pana. Katika fremu ya milimita 24 atachukua robo ya kimo cha picha. Katika fremu ya milimita 56 atachukua kama sehemu moja ya tisa, na kilichoongezeka ni nyasi na mbingu. Anayetaka simba peke yake ataikata negativu yake kubwa hadi ibaki ndogo kama ile ya milimita 35, akiwa amebeba mzigo mara mbili. Kwa wanyama na mpira wa miguu, kamera ya milimita 35 au ya kidijiti ni chaguo bora na rahisi. Telefoto ya umbo la kati ilipewa kazi nyingine: uso wa mtu, vazi, jengo lililo ng'ambo ya barabara, milima inayoonekana kusogeleana.

Kwa uso wa mtu lenzi hizi hazina mbadala wa bei hiyo. Ya milimita 180 ikifunguliwa f/2.8 na kulengwa kwa mtu aliye mita tatu, eneo lililo kwenye fokasi halizidi sentimita 8 hivi: macho yamo, masikio yanaanza kuyeyuka, ukuta wa nyuma umekuwa rangi tupu. Ufinyu huo ni mtihani pia, kwa sababu mtu akipumua tu fokasi imehama.

Shata iko wapi?

Kabla ya kutaja kamera kwa majina, liulizwe swali hili, maana ndilo linaloamua gharama za baadaye. Katika mifumo kama Bronica ETR, Hasselblad 500 na Mamiya RB67, shata, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, imo ndani ya lenzi. Flashi inaweza kuwaka kwa kasi yoyote, kwa kawaida hadi 1/500, jambo linalompa raha mpiga picha wa harusi anayetaka kujaza vivuli vya uso katika jua la saa saba mchana. Lakini kila lenzi inayonunuliwa ni shata nyingine ya kutunza, na shata iliyokaa miaka kumi kabatini huzembea katika kasi za chini.

Katika Mamiya 645, Pentax na Pentacon Six, shata ni pazia lililo ndani ya bodi. Flashi imefungwa kwenye kasi ndogo, 1/60 kwa Mamiya 645 na 1/30 kwa Pentax 6×7. Upande wa pili, lenzi ni nyepesi kifundi na rahisi zaidi, na lenzi za mifumo mingine huweza kufungwa kwa adapta.

Mifumo inayofaa

Mamiya M645 ilitoka mwaka 1975 na ndiyo pendekezo la kwanza la makala haya. Ni bodi iliyotengenezwa kwa wingi, shata yake hufika 1/500 (na 1/1000 katika 1000S iliyofuata), na lenzi zake ndefu hazijapanda chati kama za wengine: 150 f/3.5, 210 f/4, 300 f/5.6, na 500 f/5.6 kwa mwenye mgongo. Ya 150 ni ya kuanzia. Ya 210 huuzwa kwa bei ya chini ajabu, kwa sababu wapiga picha wa sura huiona ndefu na wa wanyama huiona fupi. Kasoro mbili: M645 haina makasha ya nyuma ya kubadilishana katikati ya mkanda (hayo yalikuja na 645 Super, miaka ya 1980), na betri ikifa kamera nzima imekufa. Betri ya akiba ikae mfukoni.

Bronica ETR, iliyotoka mwaka 1976, pamoja na ndugu zake ETRS na ETRSi, ni mshindani wa karibu. Makasha ya nyuma hubadilishwa, flashi ni huru, na lenzi ya 150 hupatikana bila taabu. Zipo pia za 200 na 250. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Zenzaburo Yoshino, ilichukuliwa na Tamron mwaka 1998 na kamera zikakoma miaka michache baadaye. Mwenye kupenda mraba ana SQ-A ya nyumba hiyohiyo.

Pentacon Six ya Dresden, Ujerumani Mashariki, ni hadithi nyingine. Bodi yake ina sifa mbaya ya fremu kupandana, hasa mtumiaji akiuachia mkono wa kuvutia mkanda urudi wenyewe kwa nguvu. Unatakiwa kusindikizwa kwa kidole. Ila lenzi zake za Carl Zeiss Jena, Sonnar 180 f/2.8 na Sonnar 300 f/4, ni miongoni mwa telefoto bora kwa fedha inayotolewa. Ya 180 imetoka katika ukoo wa lenzi iliyoandaliwa kwa michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936. Mjanja huchukua lenzi na kuiacha bodi: kwa adapta ya kawaida isiyo na kioo chochote ndani, Sonnar hukaa kwenye Mamiya 645 na kufika hadi umbali usio na mwisho. Kitundu cha lenzi kitafungwa kwa mkono, basi. Kwa Bronica ujanja huo haupo, kwa kuwa bodi yake haina shata. Kiev 60, iliyotengenezwa na kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, hupokea lenzi hizohizo na huuzwa kwa bei ndogo, lakini ubora wa kila moja ni bahati nasibu.

Mamiya RB67 ya mwaka 1970 ni jiwe. Ikiwa na lenzi yake ya kawaida hukaribia kilo tatu, na anayeitundika shingoni siku nzima ataujua uzito huo usiku. Lakini haihitaji betri, kasha lake la nyuma huzungushwa ili picha iwe ya wima au ya mlalo bila kuigeuza kamera, na lenzi ya 180 f/4.5 ni ya studio hasa. Fokasi huendeshwa kwa mvukuto, hivyo hata lenzi ndefu hulenga karibu. Penye stendi ya miguu mitatu, inafaa. Penye kutembea, hapana.

Pentax 6×7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, imekuwa ghali kadiri ilivyopendwa upya. Pazia lake zito hutikisa kamera, na lenzi za 200 na 300 huonyesha mtikisiko huo katika kasi za katikati hata juu ya stendi. Hasselblad haimo katika makala haya kwa sababu ya bei. Kamera za lenzi mbili kama Yashica Mat-124G na Rolleiflex za kawaida hazimo kwa sababu lenzi zake hazibadilishwi. Kamera ya lenzi mbili inayobadilisha lenzi kwa bei ya kueleweka ni Mamiya C220 au C330, yenye jozi ya 180 f/4.5 na ya 250 f/6.3.

Kukagua kabla ya kulipa

Lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi zilizotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa vioo vya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam na popote penye joto lenye unyevu. Ukichelewa hula kipako cha kioo na hautoki. Lenzi iliyo safi ihifadhiwe kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, isilale kwenye mkoba wa ngozi. Ukungu mweupe wa sare ni jambo jingine, na fundi huweza kuusafisha.

Mapezi ya kitundu yawe makavu na yajifunge mara moja. Yenye mafuta huchelewa. Shata isikilizwe katika sekunde moja, nusu na robo, kila moja ikisikika kuwa nusu ya iliyotangulia. Sponji nyeusi zinazoziba mwanga kwenye kasha la nyuma huoza na kunata kama lami, lakini kuzibadilisha ni kazi ya jioni moja. Kioo cha ndani kipande na kushuka bila kusita.

Mkanda wa kwanza upigwe wote kwa lenzi ndefu, kitundu kikiwa wazi kabisa, nusu juu ya stendi na nusu mkononi kwa kasi isiyopungua 1/250, kwa vitu vilivyo karibu na vilivyo mbali, na kila fremu iandikwe kwenye daftari. Mkanda ukisafishwa usikatwe kwanza: utandazwe mzima mbele ya dirisha na nafasi kati ya fremu zipimwe kwa rula. Zikiwa hazilingani au zimepandana, kamera irudi kwa muuzaji kabla muda wa kurudisha haujapita.